Kutunza Kifundo cha Mguu Kilichoteguka

Mtu ashukaye mlimani na mzigo wa kuni, au avukaye mtaro mjini, huweza kukanyaga vibaya, mguu ukapinduka kwa ndani. Huchechemea siku chache, kisha haangalii tena. Miezi mitatu ikipita, akichuchumaa ili apalilie, kisigino huinuka na kifundo huuma. Mara nyingi taabu hiyo huletwa na matunzo mabaya baada ya ajali.

Kifundo ni kiungo cha mifupa mitatu: muundi, mfupa mwembamba ulio kando yake, na mfupa mmoja uliobanwa katikati yao, juu ya kisigino. Mifupa hiyo imefungwa pamoja kwa kano. Mguu upindukapo kwa ndani, kano za upande wa nje huvutwa kupita kiasi, pengine hukatika, na kifundo huvimba.

Kwanza yapasa ijulikane kama mfupa haukuvunjika. Mwaka 1992 waganga wa Ottawa, nchi ya Kanada, walitangaza kanuni nyepesi itumikayo hata leo: aliyeumia akishindwa kupiga hatua nne, au akisikia maumivu mfupa wenyewe wa kifundo ubonyezwapo kwa nyuma au kwenye ncha yake, apelekwe hospitali akapigwe picha ya eksirei.

Ikiwa mfupa ni mzima, kwa siku mbili au tatu mguu upumzishwe na kuinuliwa juu ya mto. Kitambaa cha maji baridi kiwekwe dakika 20, mara kadha kwa siku, na kifundo kifungwe bendeji isiyokaza sana. Vidole vikifa ganzi, ilegezwe. Watu wengi hukanda kwa maji ya moto na kusugua kwa nguvu siku ile ile. Hilo si jema, maana joto huzidisha uvimbe.

Kosa la pili ni kukaa majuma mengi bila kukitumia kifundo. Kiungo kisichokunjwa hukakamaa, na misuli ya shavu la mguu hukaza. Kwa hiyo, uvimbe uanzapo kupungua, mgonjwa achore duara hewani kwa kidole gumba cha mguu, kisha avute wayo kwake kwa kanga. Baadaye ajizoeze kusimama kwa mguu mmoja, asije akateguka tena.

Ili kupima maendeleo, asimame akielekea ukuta, kidole gumba kikiwa mbali nao kadiri ya upana wa kiganja, akunje goti mpaka liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Apime miguu yote miwili. Ule ulioumia ukipungukiwa sana, aendelee na mazoezi kila siku.

Bali kifundo kikivimba pasipo ajali, kikawa chekundu na chenye moto, au homa ikaingia, si mteguko huo. Huenda ni jongo, au usaha ndani ya kiungo, na mgonjwa apaswa kwenda hospitali siku hiyo hiyo.