Mkopo wa simu ukigeuka aibu: Fidia inadaiwaje?

Mfano: mkazi wa Shighatini, wilayani Mwanga, anakopa kwa programu ya simu. Akichelewa kulipa, ndugu, jirani na bosi wake wanatumiwa meseji: "Huyu ni tapeli, mwambieni alipe."

Deni ni lake, lakini kuanikwa hivyo si sehemu ya mkopo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa aliyeumizwa nafasi ya kudai fidia. Malalamiko yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Shida ni kuthibitisha maumivu ya moyoni. Sheria ya Kenya ya 2019 inatamka wazi kwamba madhara ni pamoja na msongo wa mawazo, hata kama hakuna fedha iliyopotea.

Cha kutunza:
- Meseji zote, zikiwa na namba na tarehe
- Majina ya waliozipokea na wako tayari kuthibitisha
- Cheti cha hospitali, kama alitibiwa

Kulalamika hakufuti deni.

Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Leseni iangaliwe kabla ya kukopa: mkopeshaji asiyejulikana alipo, fidia ataidaiwa wapi?