Padri aliyerudi Unguja kwa ajili ya watoto

Ukisimama Shimo la Mungu, pale Newala ambapo uwanda wa Makonde unakatika ghafla na kuporomoka kuelekea bonde la Ruvuma, unaelewa kwa nini watu wa juu huku hupima siku kwa ndoo. Uwanda una mikorosho, una upepo mzuri, lakini maji ni ya shida. Kwa miaka mingi wanawake wameyafuata bondeni na kupanda nayo kichwani. Kwa hiyo mtu akiniuliza mwalimu wa huku anawezaje kufundisha, kulea na kusali bila kimoja kulala njaa, namjibu kwa swali: leo maji ameteka nani?

Swali lenyewe si geni Masasi na Newala. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, yule tunayemkumbuka zaidi kwa kazi zake za Kiswahili, alikuja na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Walikuwa safarini kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakapenda ardhi, wakabaki. Mwaka 1882 Wangoni wakawavamia, na misheni ikahamishia kituo Newala, kwa chifu Matola.

Miaka minne baadaye akaja mtu ninayetaka kumzungumzia. Cecil Majaliwa naye alikombolewa utumwani, akasomeshwa Kiungani, Unguja, kisha akapelekwa masomoni Canterbury, Uingereza. Alipewa ushemasi mwaka 1886 na kutumwa Chitangali, kati ya Wayao. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupata upadri katika misheni hiyo. Siku zile padri wa kituo hakuwa na kazi moja. Asubuhi alisalisha, mchana alifundisha, jioni aliamua kesi za ndoa, na usiku alikuwa baba wa watoto kama wengine. Kituo cha Chitangali kilistawi mikononi mwake.

Kisha, mwaka 1897, aliomba kurudi Unguja, akarudi. Hofu yake ilikuwa watoto. Aliona wanakua kwa mila za nchi iliyowazunguka, akataka walelewe mjini, karibu na shule.

Wapo watakaosema alidharau mila za watu aliowahudumia. Huenda kuna ukweli. Lakini kwanza tuelewe alikuwa amekaa wapi. Kwa Wayao, Wamakua na Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama. Baba ni mtu wa heshima, ila kwenye mambo mazito ya mtoto mwenye kauli ni mjomba. Na zito kuliko yote ni jando na unyago. Mtoto asiyepitia huko hawezi kuhesabika mtu mzima, hata awe na vyeti vya kujaza sanduku. Majaliwa alikuwa amesomeshwa mbali na mila hizo. Jioni watoto wake wakiitwa na wenzao kwenda kusikiliza ngoma, sidhani alikuwa na ukoo wa kukaa nao chini akashauriana nao. Alikuwa na Biblia, ubao na mkewe. Ukiwa baba, pima mwenyewe.

Aliyejaribu njia nyingine ni Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi, 1926 hadi 1944. Yeye aliona ukiwalazimisha wazazi wachague kati ya kanisa na jando, kanisa litabaki na viti vitupu. Akaliingiza jando ndani ya kanisa: wavulana wakatahiriwa chini ya usimamizi wa padri na walimu Wakristo, kwa sala, na yale ambayo imani haikuyakubali yakaondolewa. Mabishano yalikuwa mengi, na upande wa wasichana ulikuwa mgumu zaidi. Lakini mwalimu wa kijijini alipata pa kusimama: angeweza kumtazama mjomba wa mtoto usoni na bado akashika chaki kesho yake.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya Wamormoni, au kwa jina lao rasmi, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Kwa wasomaji wengi wa Kusini ni kanisa la mbali, ingawa Kitabu cha Mormoni kwa Kiswahili kipo tangu mwaka 2000 na hekalu lao la Nairobi liliwekwa wakfu mwaka 2025. Historia yao ina makovu. Ni mwaka ule ule aliopadrishwa Majaliwa, 1890, ndipo rais wao Wilford Woodruff alipotangaza kuachana na ndoa za mitala. Na mwanamume mweusi hakuruhusiwa ukuhani hadi mwaka 1978. Mtu asiwasifu akaliruka hilo.

Kinachonivutia ni jinsi walivyopanga wiki. Askofu wao wa mtaa halipwi. Ana kazi yake: fundi, muuguzi, mhadhiri. Akitoka kazini ndipo anaanza kusikiliza shida za waumini, kwa miaka mitano hivi, kisha anampisha mwingine. Mtu wa namna hiyo angeisahau nyumba yake kabisa, na nadhani ndiyo maana wakaitenga Jumatatu jioni iwe ya familia, bila shughuli za kanisa. Chai na kahawa hawanywi. Hebu mfikirie mwalimu wa hivyo ofisini saa nne asubuhi: birika linapita, andazi linapita, na yeye anaomba maji tu. Hapo Newala, kwenye maji, sijui nani angekuwa wa gharama zaidi.

Mfano wao mmoja unakaa vizuri kando ya Majaliwa. Henry B. Eyring alifundisha Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, katika miaka ya 1960, huku akiwa askofu wa waumini wenzake hapo hapo. Nafasi ambayo wahadhiri wengi wangeiuzia shamba. Kwa simulizi yake mwenyewe, usiku mmoja mkewe, Kathleen, alimwuliza kama ana hakika anachofanya na maisha yake ndicho sahihi. Mwaka 1971 familia ilihamia Rexburg, mji mdogo wa Idaho, akawa mkuu wa Ricks College, chuo cha kanisa.

Majaliwa alitoka kijijini akaenda mjini. Eyring alitoka mjini akaenda pembeni. Njia zimepishana, ila wote wawili walihama. Ndiyo maana sipendi sana neno mizani katika mambo haya. Mizani ni ya mwenye duka la korosho. Mtu mwenye darasa, watoto na madhabahu hafiki mahali pa sawasawa akatulia. Kuna kitu kitahama, na mara nyingi anayeona mapema kwamba kitahama ni yule aliyebaki nyumbani na ndoo.

Leo huku Kusini kuna Chuo cha Ualimu Kitangali, na Mtwara kuna Stella Maris, chuo kikuu kishiriki cha Wakatoliki. Wapo humo Waislamu, Waanglikana, Wakatoliki, Wapentekoste, na wanaosahihisha mitihani usiku huku mtoto amelala magotini. Wengine Ijumaa wanakimbilia msikitini kipindi kikiwa hakijaisha, wengine Jumapili ndio mashemasi.

Basi wewe mkuu wa idara unayesoma gazeti hili na kalamu mkononi, unapanga ratiba ya muhula: kile kikao chako cha saa kumi na moja jioni kihamishie saa nne asubuhi. Chai ipo, na asiyekunywa atapewa maji.