Kufunga mchana, kufuturu kwa sigara: Tafiti zinasema nini juu ya kuacha tumbaku

Kila Ramadhani inapoingia, katika misikiti ya mji wa Bariadi na ya vituo vya biashara vya mkoa wa Simiyu, huonekana jambo ambalo wengi wetu tumelizoea hata hatulitazami tena. Adhana ya magharibi inasikika, waumini wanafungua kwa tende na maji, swala inasimamishwa. Imamu akishatoa salamu, hutawaona baadhi ya ndugu zetu katika safu. Wameshatoka, wako nyuma ya ukuta au kando ya bodaboda zao, na sigara imeshawaka. Wapo pia ambao hawakusubiri hata swala.

Hatulisemi hili kwa kumdhihaki mtu. Tunalisema kwa sababu ndani yake kuna swali kubwa. Mtu huyu amekaa zaidi ya saa 13 bila kuvuta, tangu alfajiri ya kweli hadi jua kuzama. Amefanya kazi juani, ameudhiwa na watu, amesikia njaa na kiu, na hakuigusa sigara. Ikiwa ameweza hayo kwa siku 29 au 30 mfululizo, ni kipi kinachomshinda kuiacha moja kwa moja? Tafiti za afya zina jibu, na jibu hilo lina faida kwa kila familia yenye mvutaji ndani yake.

Siku tatu ngumu

Ndani ya tumbaku mna nikotini, kemikali ambayo moshi unapovutwa hufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde chache tu. Ubongo huizoea, kisha huidai. Baada ya saa mbili hivi nusu ya nikotini iliyomo katika damu huwa imekwisha, na mwili huanza kulalamika: hasira za haraka, kukosa utulivu, kichwa kuuma, usingizi kuwa mwepesi, hamu ya kula kuongezeka. Watafiti wameona kuwa dalili hizi hufikia kilele katika siku mbili au tatu za mwanzo, kisha hupungua polepole, na kwa watu wengi huisha baada ya wiki mbili hadi nne.

Hapo ndipo siri ya mfungaji anayevuta usiku inapofichuka. Yeye hupanda mlima mchana kutwa, na magharibi hushuka mpaka chini. Kesho yake huanza tena palepale. Mwezi mzima huonja uchungu wa siku ya kwanza, wala haruhusiwi na nafsi yake kuifikia siku ya nne, ambayo uchungu huanza kulegea. Kwa hakika amekwisha kulipa sehemu kubwa ya gharama, ila kila jioni huitupa bidhaa aliyoilipia.

Hesabu ya miaka kumi

Mwaka 1951 wanazuoni wawili wa tiba wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, waliwaandikia madaktari wa nchi hiyo wakiwauliza juu ya uvutaji wao. Madaktari wanaume zaidi ya 34,000 walifuatiliwa kwa miaka 50, na matokeo ya nusu karne yakachapishwa mwaka 2004. Walioendelea kuvuta walifariki, kwa wastani, miaka ipatayo 10 kabla ya wale ambao hawakuvuta kamwe.

Lakini utafiti huo ulileta pia bishara njema. Aliyeacha akiwa na umri wa miaka 60 alijiokolea takriban miaka 3. Aliyeacha akiwa na miaka 50 alijiokolea 6, mwenye 40 alijiokolea 9, na aliyeacha akiwa na 30 aliikwepa karibu hasara yote. Umri u mikononi mwa Mwenyezi Mungu na ajali haitanguliwi, lakini tumeamrishwa kushika sababu. Mkulima wa Itilima anajua kuwa mvua ni ya Mola, na bado hulima kabla haijanyesha.

Basi mzee asiseme, "Mimi nimeshachelewa." Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo huanza kushuka. Baada ya saa 12 hewa ya sumu ya kaboni monoksidi katika damu hurudi kiwango cha kawaida. Kati ya wiki 2 na 12 mzunguko wa damu huimarika na mapafu hufanya kazi vizuri zaidi. Mwaka mmoja ukitimia, hatari ya maradhi ya mishipa ya moyo huwa karibu nusu ya ile ya mvutaji. Miaka 10 ikitimia, hatari ya saratani ya mapafu hushuka hadi karibu nusu.

Pamba ni yetu, tumbaku inatoka wapi?

Simiyu ni mkoa wa pamba. Tangu ulipoanzishwa mwaka 2012, wilaya zake za Bariadi, Itilima, Busega, Maswa na Meatu zimejulikana kwa zao hilo kuliko jingine lolote. Zao la tumbaku lina mikoa yake, kama vile Tabora. Kwa hiyo fedha ya pamba inayoingia nyumbani kwa jasho la familia nzima, baba, mama na watoto waliochuma shambani, hutoka tena dukani sigara moja baada ya moja.

Tufanye hesabu ndogo. Tuchukulie sigara moja ni shilingi 200, na mtu avute 10 kwa siku. Hizo ni shilingi 2,000 kwa siku, 60,000 kwa mwezi, na 730,000 kwa mwaka. Kila nyumba iweke bei na idadi yake, kisha ijiulize ni sare ngapi za shule na ni mifuko mingapi ya mbegu imegeuka majivu.

Kuna na hatari nyingine inayotuhusu. Vumbi la pamba lenyewe huweza kubana vifua vya wanaofanya kazi viwandani kwa miaka mingi, na tafiti za viwanda vya pamba zimeonyesha kuwa wavutaji miongoni mwao huumia zaidi. Vivyo hivyo kifua kikuu, ambacho bado ni tatizo kubwa nchini mwetu, humshika mvutaji kwa urahisi zaidi kuliko asiyevuta.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta kuwa asilimia 8.7 ya watu wazima Tanzania hutumia tumbaku: asilimia 14.6 ya wanaume na 3.2 ya wanawake. Hesabu hiyo inajumuisha pia tumbaku isiyo na moshi. Kwa hiyo wazee wetu wa ugoro wasijione wamesalimika. Ugoro nao una nikotini, na tumbaku isiyovutwa ina kemikali zinazosababisha saratani.

Njia zilizojaribiwa

Wengi hujaribu kuacha kwa kupunguza: leo kumi, wiki ijayo saba, kisha tano. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwagawa wavutaji 697 makundi mawili, wengine wapunguze kidogo kidogo kwa wiki mbili, wengine waache kwa siku moja iliyopangwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: baada ya wiki nne, asilimia 49 ya walioacha kwa mara moja walikuwa bado hawajavuta, na asilimia 39 ya waliopunguza. Mwenye kuweka siku na kuitimiza alipata nafasi bora zaidi.

Ni lazima tuseme ukweli mwingine. Kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, ni 3 hadi 5 tu ambao huwa hawajarudia baada ya miezi sita au mwaka. Huo si ushahidi kuwa imani yao ni dhaifu. Ni ushahidi kuwa uraibu ni maradhi, na mgonjwa huhitaji kusaidiwa. Hata ushauri mfupi wa daktari au muuguzi huongeza idadi ya wanaofaulu, kwa hiyo ukifika zahanati au hospitali kwa jambo lolote, taja kuwa unavuta na unataka kuacha. Viraka vya nikotini vya kubandika ngozini na vile vya kutafuna vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, ingawa si kila duka la dawa linavyo. Na aliyeanguka mara ya kwanza asikate tamaa, kwani wengi waliofaulu walianguka kabla.

Wapo wanaosema sigara huwatuliza mawazo. Uchambuzi wa tafiti 26 uliochapishwa mwaka 2014 uliona kinyume chake: walioacha walipungukiwa na wasiwasi na huzuni wakilinganishwa na walioendelea. Utulivu anaouona mvutaji ni ule wa deni lililolipwa kwa saa mbili tu.

Haachi mtu peke yake

Katika mji wa Framingham, Marekani, watafiti walifuatilia mtandao wa watu zaidi ya 12,000, ndugu, marafiki na majirani, tangu mwaka 1971 hadi 2003. Waliona kuwa mume au mke akiacha sigara, uwezekano wa mwenzake kuendelea kuvuta ulipungua kwa asilimia 67. Rafiki akiacha, ulipungua kwa asilimia 36, na ndugu wa tumbo moja akiacha, kwa asilimia 25. Kuacha huambukiza kama kuvuta kunavyoambukiza.

Moshi nao haumchagui mtu. Tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuwa wavutaji. Walikuwa ni wake, watoto na wafanyakazi wenza waliovuta moshi wa wengine. Mtoto wa nyumba yenye moshi huandamwa zaidi na pumu, nimonia na maradhi ya masikio.

Ewe baba, usimtume mwanao dukani kukununulia sigara. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na zaidi ya sheria, mkono mdogo uliozoea kuibeba sigara hautaiona kuwa ni kitu cha kuogopwa. Ewe mama, katika siku zile tatu mumeo akiwa mkali bila sababu, jua kuwa ni nikotini inayodai. Msubirie, mpe maji, mtengenezee uji, na umuombee. Nanyi marafiki wa kijiweni, msimpe "moja tu ya mwisho".

Neno la wanazuoni

Tumbaku haikujulikana katika zama za Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Ilifika nchi za Waislamu karibu na mwisho wa karne ya 16, na wanazuoni wa wakati ule wakatofautiana kwa kuwa madhara yake hayakuwa wazi. Tafiti zilipoyabainisha, wanazuoni wengi wa zama zetu waliiharamisha, wakitegemea makatazo ya Qur'ani ya kujiua na kujitia katika maangamizo, na mafunzo ya Mtume kuwa mtu asijidhuru wala asimdhuru mwenzake. Na ikiwa aliyekula kitunguu saumu kibichi ametakiwa ajiepushe na msikiti kwa ajili ya harufu, mwenye harufu ya sigara katika safu ajipime mwenyewe.

Hakuna haja ya kungoja Ramadhani ijayo. Funga ya Jumatatu au ya Alhamisi inatosha kuwa mwanzo. Ichague siku, uitangaze kwa mkeo na watoto wako, utoe pakiti ndani ya nyumba usiku wake, na ukishafuturu magharibi usirudi nyuma ya ukuta. Bakia katika safu mpaka uswali sunna, kisha rudi nyumbani. Ikifika siku ya nne, kilele cha mlima kitakuwa nyuma yako, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu.

Wabillahi tawfiq.