Saa Isiyolala Ndani ya Mtambo wa Sola

Mitambo ya sola inayolipiwa kidogo kidogo kwa simu imeenea vijijini nchini. Mteja hulipa, na mtambo huwasha taa kwa idadi ya siku alizolipia. Kwa kaya za wafugaji, kama zilivyo nyingi katika Kata ya Ololosokwan, huzuka swali: familia ikihamia malishoni wiki mbili na taa zikazimwa, je, siku hizo hubaki?

Kwa kawaida hazibaki. Kinachohesabiwa ni siku za kalenda, si saa za mwanga.

Hesabu hiyo hufanywa na kompyuta ndogo sana iitwayo maikrokontrola, iliyomo ndani ya kasha la mtambo. Ili isimalize betri, hulala muda mwingi, yaani husimamisha karibu shughuli zake zote. Sehemu moja tu hubaki macho, nayo ni saa yenye fuwele kama ile ya saa ya mkononi. Fuwele hiyo hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Idadi hiyo ikigawanywa kwa mbili mara 15 mfululizo, hubaki moja, na hiyo ndiyo sekunde. Sekunde hujumlishwa kompyuta ikiwa usingizini. Muda uliopangwa ukifika, kompyuta huamka, husoma jumla, hupunguza salio la siku, kisha hulala tena.

Saa ya namna hiyo ikikosea kwa sehemu 20 katika kila milioni, kosa haliifikii sekunde mbili kwa siku wala dakika moja kwa mwezi. Mteja hapotezi siku kwa sababu hiyo.

Hatari iko kwingine. Saa nayo huhitaji umeme, ingawa kidogo mno. Paneli ikifunikwa au ikiondolewa, betri huweza kuisha kabisa, na saa isiyo na betri ya akiba husimama. Umeme ukirejea, hesabu ya mtambo huweza kutofautiana na kalenda. Aidha, betri iliyoachwa tupu kwa muda mrefu huharibika.

Kwa hiyo wananchi wanashauriwa:

- Kabla ya kununua, kumuuliza muuzaji kama siku zinaweza kusimamishwa, na hesabu huwaje betri ikiisha.
- Kabla ya kuhama, kutolipia siku ambazo hazitatumika, na kuacha paneli juani ikiwa safi.
- Kutunza ujumbe wa kila malipo, kwa kuwa tarehe yake ni ushahidi hesabu zinapopishana.