Kuongoza Vijana Wasio Rika Moja

Ndugu askari, mkufunzi akabidhiwaye kuruta huwapokea wakiwa takribani rika moja. Kiongozi wa vijana wa kanisa hana bahati hiyo. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 humhesabu kijana tangu miaka 15 hadi 35. Na kanisani huja hata wa miaka 12.

Tutazame Mantapala, wilayani Nchelenge, Zambia, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2018 kwa Wakongo waliokimbia mapigano ya Katanga ya Juu na Tanganyika. Kiswahili walivuka nacho. Wenyeji huzungumza Kibemba. Katika makazi ya namna hiyo, mtoto wa miaka 13 huweza kuketi benchi moja na mama wa miaka 22 mwenye mwana mgongoni. Ukifundisha habari za ndoa, mdogo huona haya. Ukichezesha michezo, mkubwa huondoka, na mara nyingi harudi.

Sisi twaona kwaya na sala ziwe za wote, mafunzo yatengwe kwa rika, na wakubwa wapewe kazi ya kuwalea wadogo. Lakini mkubwa asiachwe faraghani na mtoto: wawepo watu wazima wawili daima. Katika hilo pasiwe na kuoneana haya, hata kama ni mwana wa mchungaji.