Kabla ya sindano: dhana nne zinazobeba uuguzi

Himbi ni mtaa wa mji wa Goma unaopakana na Ziwa Kivu, na watu wengi mjini humo hutegemea maji ya ziwa hilo. Kipindupindu kinapozuka, wahudumu husimama ufukweni, wakipima klorini kwa bomba la sindano na kuitia katika kila bidoni ya lita 20.

Je, huo ni uuguzi? Nadharia inajibu ndiyo.

Mwaka 1984 Jacqueline Fawcett, msomi wa Marekani, alieleza dhana nne zinazobeba nadharia za fani hii: mtu, mazingira, afya na uuguzi wenyewe. Mama aliyelazwa kwa kipindupindu anazionyesha zote. Uuguzi humwekea dripu inayomrudishia maji na afya, lakini akirejea kwenye bidoni ileile chafu, anaweza kuugua tena: hayo ni mazingira, ambayo muuguzi Florence Nightingale aliyasisitiza tangu 1859; ndiyo maana kutia klorini ufukweni nako ni uuguzi. Na yeye ni mtu, si tumbo linaloharisha tu. Ana watoto nyumbani, hofu na imani. Ndiyo maana mwananadharia wa uuguzi Virginia Henderson aliiweka ibada miongoni mwa mahitaji 14 ya mgonjwa.

Falsafa huuliza pia: muuguzi anajuaje la kufanya? Mwaka 1978 mwananadharia mwingine, Barbara Carper, alitaja njia nne za kujua. Sayansi humpa kipimo cha dripu. Maadili humtaka aombe ridhaa. Sanaa humwongoza kumsafisha mgonjwa bila kumvunjia heshima. Kujijua humzuia kumfokea mgonjwa pale uchovu wa zamu unapomzidi.