Kufunga na Kufungua: Haidrojeni katika Metali Yabisi na Uteuzi wa Vitenzi

Dai la kwamba Kiswahili hakijakomaa kueleza sayansi ya joto halijibiwi kwa orodha ya istilahi. Hujibiwa kwa kueleza jambo moja hadi mwisho. Jambo hilo na liwe haidrojeni inaposhikwa na metali yabisi.

Mnamo 1866 Thomas Graham alionyesha kwamba paladiamu huweza kuchukua haidrojeni ya ujazo mara mamia kadhaa ya ujazo wake. Wafasiri wengi wangesema metali "hufyonza" gesi. Kitenzi hicho kina hila. Metali ichukuapo gesi namna hii hutoa joto; basi mwanafunzi aliyezoea kusikia kuwa vitu hufyonza joto atasoma sentensi iliyojipinga yenyewe. Tena, hakuna sifongo hapa: molekuli hupasuka, na atomu zake hujipenyeza baina ya atomu za metali. Kinyume chake, katika changamano la tungsteni lililotangazwa mwaka 1984 na Gregory Kubas na wenzake wa Los Alamos, Marekani, molekuli hushikwa nzima, atomu zake mbili zikiachana kidogo tu.

"Kufunga" hufaa zaidi, kwa kuwa kauli ya kutendua hutupatia "kufungua" papo hapo, na jambo lenyewe hurudi nyuma vivyo hivyo. "Kukata" hakuna kinyume cha namna hiyo.

Chukua aloi ya lanthanamu na nikeli, atomu moja kwa tano. Kufunga moli moja ya haidrojeni hutoa kilojuli 31 hivi. Lakini gesi iliyokuwa ikizurura sasa imetulizwa, na entropia hupungua kwa juli 110 hivi kwa kila kelvini. Gawa kiasi cha kwanza kwa cha pili: kelvini 282, yaani nyuzi 9 za selsiasi. Katika shinikizo la angahewa moja, chini ya hapo gesi hufungwa, juu yake hufunguliwa. Magnesiamu, inayotoa kilojuli 75 hivi, haiachii mpaka ikaribie nyuzi 280.

Wapo waitao entropia "vurugu". Neno hilo lina lawama ndani yake, ilhali gesi haina kosa. Kilichopungua ni idadi ya namna inavyoweza kukaa. Afadhali "entropia" ibaki.

Na mtungi ukifunguliwa, hupoa wenyewe, na gesi hutoka kwa kusitasita mpaka upashwe joto.